Wahisani Wetu Wazee: Urafiki Kwanza, Wosia Baadaye



Wapendwa wasomaji, kila jioni hapa seminarini, kabla ya kwenda kulala, tunawaombea wahisani wetu walio hai na marehemu. Ni sala fupi. Mara nyingi midomo inasali huku akili imeshafika kitandani. Mwaka huu sala hiyo imeanza kutusumbua, kwa sababu tumegundua kwamba wengi wa hao tunaowaombea hatuwajui hata kwa majina. Hatujui nani bado yu hai na nani ametangulia. Tunawaombea kama mtu anayepungia mkono umati wa watu stendi.

Wengi wao ni wazee. Wengine wangependa, wakati wa kuondoka kwao ukifika, kuacha kitu kidogo kwa ajili ya Kanisa: kusomesha waseminari, kukarabati kigango, kuombewa Misa. Je, tudumisheje uhusiano na wazee hawa bila kuwasahau, na bila kuwageuza mradi? Hilo ndilo somo letu leo. Tutaanza na kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

1. Yaliyotukuta kigangoni

Tulipokuwa mwaka wa kwanza wa falsafa tulipangiwa utume wa Jumamosi katika kigango kimoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tulikuwa mafrateri wanne. Katekista alitupa orodha ya wazee wasioweza tena kufika kanisani. Mmoja wao alikuwa bibi mjane ambaye, tuliambiwa, ni "mtu wa seminari": kwa miaka mingi alitenga sehemu ya fedha za kahawa yake kumsomesha frateri mmoja. Tuliambiwa pia kwamba ana kihamba kizuri na watoto wake wote wako Dar es Salaam. Lazima tuseme ukweli: habari hiyo ya pili ndiyo tuliyotembea nayo njiani.

Bibi alitupokea vizuri. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni ndani." Akatuwekea chai na ndizi. Kisha akaleta kopo la zamani la biskuti. Ndani mlikuwa na stakabadhi, picha ndogo ya kijana aliyevaa kanzu, na barua mbili. Barua ya mwisho ilikuwa na umri wa miaka tisa. Akatuuliza, "Huyu frateri wangu, siku hizi ni padre wa parokia gani?"

Hatukujua. Badala ya kukaa na swali lake, mmoja wetu, kwa nia aliyoiona njema, akasema, "Bibi, umewahi kufikiria kuiandikia seminari shamba hili katika wosia wako?"

Bibi alinyamaza. Akafunika kopo lake. Halafu akasema, "Babu yenu amelala pale nyuma ya migomba. Mama mkwe wangu yuko ubavuni pake. Na hao niwaandikie seminari?" Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani mmekuja kuniona."

Kwa msomaji asiyezijua desturi za Wachaga, kihamba si shamba tu. Ndipo wazazi na mababu walipozikwa, na kwa mila nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa kiume aliye kitinda mimba. Tulikuwa tumegusa makaburi ya watu kama mtu anayeuliza bei ya mbuzi sokoni.

Njiani tukirudi hakuna aliyemlaumu mwenzake. Aliyetamka alikuwa mmoja, lakini waliowaza walikuwa wanne.

2. Jaribu hili ni la zamani

Tulipomsimulia mlezi wetu, hakutukaripia. Alitupa kazi ya kusoma, na kwanza kabisa akatutuma kwenye Injili ya Marko, sura ya 12. Wote tunaikumbuka habari ya mjane maskini aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina. Huhubiriwa kila tunapohimiza zaka na mavuno. Lakini mistari iliyo mbele yake tu, wa 38 hadi 40, Yesu anawaonya watu wajihadhari na walimu wa sheria wanaopenda mavazi marefu na salamu za heshima, huku wakizila nyumba za wajane. Marko ameziweka habari hizo mbili jirani. Hatuna haki ya kumsifu mjane wa senti mbili kama hatujajiuliza kwanza kuhusu wale wenye mavazi marefu. Na sisi tunavaa kanzu.

Historia ya Kanisa nayo haifichi. Mwaka 370 Kaisari Valentinian wa Kwanza alimwandikia Papa Damaso sheria, nayo ikasomwa katika makanisa ya Roma. Iliwakataza makleri kuingia katika nyumba za wajane na wasichana yatima kwa lengo la kujipatia zawadi na urithi. Miaka ipatayo ishirini na zaidi baadaye, Mt. Yeronimo, katika barua yake kwa padre kijana Nepotian, aliikumbuka sheria hiyo. Hakulalamika kwamba Kaisari ameliingilia Kanisa. Kilichomuumiza ni kwamba makleri walistahili kuwekewa sheria ya namna hiyo. Katika barua hiyo hiyo aliwaeleza makleri wanaowahudumia wazee wasio na watoto kwa bidii ya ajabu, hata kazi za chumbani mwa mgonjwa, macho yao yakiwa kwenye urithi.

Tazameni, ndugu, kwamba kazi waliyoifanya wale makleri kwa nje ilikuwa njema: kumtembelea mzee, kumuuguza, kukaa naye. Kilichoharibika kilikuwa ndani.

3. Urafiki wa aina gani?

Hapa falsafa inatusaidia. Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anafundisha kwamba kuna urafiki wa aina tatu: wa faida, wa kufurahishana, na wa wema, ambapo mtu humtakia rafiki yake mema kwa ajili ya rafiki mwenyewe. Urafiki wa faida si dhambi. Muuza duka na mteja wake wanaweza kupendana vizuri. Lakini huo hudumu kwa muda ule faida inapodumu. Faida ikiisha, nao unakwisha.

Aristotle anaongeza jambo lililotufanya tusimame kidogo: anasema urafiki wa faida unaonekana zaidi kwa wazee, kwa kuwa umri huo hutafuta zaidi lenye manufaa kuliko lenye kupendeza. Tukathubutu kumbishia. Kwenye kile kibaraza cha kihamba, aliyetafuta faida hakuwa mzee. Mzee alikuwa anatafuta habari za kijana aliyempenda. Waliotafuta faida walikuwa vijana wanne wenye afya njema.

Basi tulijiwekea kipimo kimoja, na tunakipendekeza kwa kila anayefanya utume huu. Kabla ya kubisha hodi, jiulize: kama ningejua kwa hakika kwamba mzee huyu hataacha hata shilingi moja kwa Kanisa, je, ningekuja? Kama jibu ni hapana, rudi kanisani kwanza, ukasali.

4. Familia haiachwi nyuma

Wapo wanaodhani kwamba kumpa Mungu ni bora daima kuliko kuwapa watoto. Yesu mwenyewe alilikemea jambo hili. Katika Marko 7:9-13 anawalaumu wale waliomruhusu mtu kuitangaza mali yake kuwa "Korbani", yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili asiwasaidie wazazi wake. Naye Mt. Paulo, katika 1Tim 5:8, anamhesabu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini.

Mt. Augustino aliishi mafundisho hayo kama askofu wa Hippo. Karibu na mwaka 425, padre mmoja wa jumuiya yake aitwaye Januarius aliacha wosia wa kulipa Kanisa fedha zake, hali ana watoto wawili, wa kiume na wa kike, waliokuwa monasterini. Augustino aliukataa urithi ule mbele ya waamini wote. Akasema wazi kwamba anayetaka kumnyima mwanawe ili Kanisa lirithi, atafute mtu mwingine wa kuupokea, si Augustino. Katika hotuba hiyo hiyo alimsifu Aurelius, askofu wa Karthago. Mtu mmoja asiye na watoto alikuwa amelipa Kanisa mali yake yote, akabakiza haki ya kuitumia maadamu yu hai. Baadaye akapata watoto. Askofu Aurelius akamrudishia mali yake, naye mwenyewe hakutazamia.

Hapa tunajifunza kwamba kuna zawadi ambazo Kanisa linatakiwa kuzikataa, na nyingine kuzirudisha. Zawadi ya wosia inayoacha ugomvi msibani hailijengi Kanisa, hata kama imejenga ukuta wa darasa.

5. Namna ya kudumisha uhusiano

Tukisha kujisafisha nia, lipo kosa la pili, nalo ni kuwaogopa wazee kiasi cha kuwaacha kabisa. Kuwanyamazia nako ni kuwadharau. Kwa ushauri wa walezi wetu na wa viongozi wa jumuiya, tumejifunza haya:

a) Kuwa na daftari. Andika jina la mhisani, jumuiya yake ndogo ndogo, somo wake wa ubatizo, tarehe ya kufiwa na mwenzi wake, na alichokisaidia. Daftari hilo litunzwe ofisini, lisisomwe na kila mtu, na lisiwe na safu ya "mali alizo nazo".

b) Kutumia njia anayoiweza yeye. Wazee wengi wana simu ndogo za kubonyeza, na ujumbe husomewa na mjukuu. Basi piga simu, ongea taratibu, jitambulishe vizuri, usiwe na haraka. Barua ya mkono bado ina nguvu: yule bibi alikuwa amezitunza mbili kwa miaka tisa.

c) Kusema ukweli, hata ukiwa mgumu. Kijana akiacha seminari, mhisani wake aambiwe, kwa upole na bila kumvunjia kijana heshima. Mzee anaumia zaidi kwa kunyamaziwa kuliko kwa habari yenyewe.

d) Kumletea Kristo. Mzee wa kitandani anahitaji Komunyo Takatifu, Kitubio na Mpako wa Wagonjwa. Frateri hawezi kutoa sakramenti hizo zote, lakini anaweza kumwambia paroko siku ile ile. Kanuni ya 529 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko azitembelee familia na kuwasaidia kwa upendo wagonjwa, hasa walio karibu na kufa.

e) Kwenda wawili, pamoja na kiongozi wa jumuiya, na kutopokea fedha mkononi. Siku hizi matapeli wanawatumia wazee ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengine hujifanya mapadre. Mwambie mzee waziwazi kwamba seminari haitamwomba fedha kwa ujumbe wa simu, na akipata ujumbe kama huo amuulize katekista.

f) Kuzitumia siku za Kanisa. Tangu mwaka 2021, kwa uamuzi wa Papa Fransisko, Dominika ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Ni siku njema ya kuwatembelea. Mwezi Novemba nao tuwataje kwa majina wahisani marehemu.

g) Kufika msibani. Aliyetusaidia akifariki, tuende kuhani, tuchimbe kaburi, tubebe jeneza. Wanafamilia hawatasahau nani alikuja kabla wosia haujasomwa.

6. Na wosia wenyewe?

Kuuzungumzia wosia si dhambi. Wazee wengi wanaogopa kwamba kuandika wosia ni kujichulia kifo, na matokeo yake ni mashauri yasiyokwisha mahakamani. Lakini mahali pake ni kwenye semina ya parokia, mbele ya watu wote, mwanasheria akiwepo, wala si kwenye kibaraza cha mjane. Haya ndiyo mambo ya msingi kwa hapa Tanzania:

Kwanza, wosia uandikwe kwa taratibu za nchi. Kanuni ya 1299 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba wosia wa kulinufaisha Kanisa ufuate, kadiri inavyowezekana, taratibu za sheria za serikali. Kwa wanaofuata sheria za mila, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mtoa wosia anajua kusoma na kuandika. Ikiwa hajui, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huwasaidia wananchi kuandika wosia na kuutunza.

Pili, anayepewa atajwe kwa jina lake la kisheria. Usiandike "nampa padre wetu" au "nampa frateri". Padre huhamishwa, frateri huacha, na wote wawili hufa. Mali ya Kanisa humilikiwa kwa jina la bodi ya wadhamini waliosajiliwa. Ofisi ya jimbo itakuandikia jina hilo kwa usahihi.

Tatu, lengo lielezwe. Kanuni ya 1300 inaamuru mapenzi ya waamini wanaoacha mali zao kwa kazi za Mungu yatimizwe kwa uangalifu mkubwa, na kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Aliyeacha fedha za vitabu, zinunue vitabu.

Nne, frateri au padre asiwe mwandishi wala shahidi wa wosia unaoinufaisha seminari yake. Wala asiombe kuuona. Mtoa wosia ana uhuru wa kuubadilisha maadamu yu hai na akili zake timamu.

Tano, watoto washirikishwe mapema. Zawadi inayojulikana na familia nzima haina mwiba.

Na kidogo si aibu. Mavuno ya kahawa ya msimu mmoja, ng'ombe, au sadaka ya Misa vinatosha kuwa wosia wa mtu mwenye imani.

7. Wale tusiowajua

Seminari nyingi katika nchi za misioni, zikiwemo za kwetu, zimesaidiwa na Shirika la Kipapa la Mtume Petro. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1889 na Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie huko Caen, Ufaransa, baada ya Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, kuwaandikia kwamba anakosa uwezo wa kuwalea waseminari wake. Mama na binti waliishi kwa kujinyima ili vijana wa mbali wasome. Stéphanie alifariki 1903. Jeanne aliugua akili kwa miaka mingi, akafariki 1934. Ni mapadre wangapi waliosomeshwa kwa jasho lake waliojua kwamba yuko kitandani? Hatuwezi kumrudia Jeanne. Lakini wa kwetu bado wapo, wengine ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

8. Tuliporudi

Tulirudi kwa yule bibi baada ya wiki tatu. Tuliomba radhi. Hatukubeba karatasi yoyote. Tulikata majani ya ng'ombe, tukateka maji, tukasali rozari. Padre Gombera alikuwa ametusaidia kumtafuta yule kijana wa kwenye picha. Hakupata upadre. Aliacha masomo miaka mingi iliyopita, sasa ni mwalimu na ana familia. Nyumba iliyokuwa ikimlea haikumwambia bibi, na yeye mwenyewe aliona haya kuandika.

Tulimweleza yote. Bibi aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akasema, "Basi nilisomesha mwalimu." Kisha akacheka kidogo, akauliza ana watoto wangapi.

Juma lililofuata tulimpigia yule mwalimu simu, akaongea na bibi. Hatukusikiliza walichozungumza.

Mpaka leo tunakwenda, kila mwezi, wawili wawili. Bibi ameandika nini katika wosia wake, au kama ameuandika, hatujui wala hatuulizi. Pale msalabani Bwana wetu naye alimwachia mwanafunzi aliyempenda kitu. Hakumwachia shamba. Alimwachia mama, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake (Yn 19:26-27).

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu ni mzee gani aliyewahi kulisaidia Kanisa na sasa hatembelewi?
2. Je, tumewahi kupokea zawadi iliyoacha uchungu katika familia? Tulifanya nini?
3. Ni ahadi gani tuliyompa mhisani, aliye hai au marehemu, ambayo bado hatujaitimiza?

Ee Mungu, uwajalie wahisani wetu wazee faraja ya kutosahauliwa, na marehemu wao pumziko la milele. Nasi utupe macho ya kuwaona wao kabla ya mali zao. Amina.